Boneti ya Mzee Zenon

Kizwite, Sumbawanga
12 Mei 2024

Mjomba Nestory,

Shikamoo. Ni mimi Avelina wa dada yako Margareth. Shikamoo na kwa Shangazi Bertilla. Sisi huku tupo, tunakula, tunalala, na baridi imeshaanza kubisha hodi. Mama yupo Mpui anavuna. Anasema mahindi mwaka huu yamekubali ila ulezi umeliwa na ndege. Stefania ametimiza miezi minane na ana meno mawili ya chini. Nywele zake ni za ukoo wenu, ngumu, kitana kinalalamika.

Nimekupigia simu mara nne. Inaita mpaka inachoka yenyewe. Ndiyo nikaona niandike. Barua hii inakuja na Isdori, dereva wa lori la samaki, anashuka Kipili Jumatatu na kupanda Jumamosi. Anasema anakufahamu.

Sasa jambo lenyewe. Unajua tangu Desemba naosha magari gereji kwa Bosi Baltazari. Mpiga rangi wake ameondoka kwenda Tunduma bila kuaga. Wiki iliyopita ikaletwa pikapu ya Mzee Zenon, yule mnunuzi wa mahindi wa Mpui. Mwanaye anapewa upadre mwezi wa tisa, na siku ya misa yake ya kwanza nyumbani hiyo pikapu ndiyo itakayombeba kutoka barabara kubwa mpaka kanisani, amesimama nyuma, watu wanaimba na kutazama. Mzee anataka iwe nyeupe kama siku ilipotoka kiwandani. Sasa hivi ni nyeupe ya meno ya mvuta kiko.

Bosi akasimama katikati ya uwanja akauliza, "Nani hapa amewahi kuona gari likiandaliwa kwa rangi mwanzo mpaka mwisho?" Marselino wa kuchomelea akatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa na ndoo mkononi nikasema, "Mimi." Mdomo ulitangulia, mwenyewe nikafuata.

Sikudanganya sana, Mjomba. Ile miaka miwili niliyokaa kwenu Mbeya nikisoma la tano na la sita, nani alikuwa anakuletea chakula kazini? Nilikuwa nasimama pale na bakuli mpaka ugali unapoa, nakutazama. Lakini kuona si kufanya. Bosi amesema nikiitoa pikapu vizuri, mimi ndiye mpiga rangi wake, kazi ya kudumu. Nikiiharibu, analeta fundi kutoka Mbeya na mimi nashika ndoo yangu.

Niambie naanzia wapi. Usinicheke.

Mpwa wako,
Avelina


Kipili
24 Mei 2024

Avelina,

Marahaba. Barua nimeipata. Simu huku mtandao ni shida, usihangaike kupiga. Andika tu, mimi nitasoma. Shangazi yako hajambo, dagaa wamekuwa wachache kwa sababu ya mbalamwezi, watarudi. Msalimie mama yako. Mwambie hao ndege tulikuwa tunawafukuza sisi wawili, yeye alikuwa analala chini ya kichaka.

Sikucheki. Sikiliza.

Kosa la kwanza la kila mtu ni kushika msasa. Usishike msasa. Osha kwanza. Wewe ni mwosha magari, hapo umeshawatangulia. Osha kwa sabuni na maji mengi, suuza, liache likauke. Kisha chukua vitambaa viwili safi. Kimoja kina thina, unapaka. Cha pili kikavu, unafuta kabla thina haijakauka. Ukisugua msasa kabla ya kutoa mafuta, unayasukuma yale mafuta ndani ya mikwaruzo na yatakaa humo yakikungoja siku ya rangi. Hii ikumbuke kuliko yote.

Pili, ligonge. Kunja kidole, gonga kwa kifundo, kidogo kidogo, kuanzia taa ya mbele mpaka ya nyuma. Bati likiwa bati litakujibu kwa sauti, ti, ti. Likiwa limejazwa puti chini, ule unga mzito wa kuzibia mabonde, litakujibu kama mtu aliyejifunika blanketi. Hapo weka alama ya chaki. Puti ya zamani usiiamini, hujui aliyeiweka alikuwa anaficha nini. Toa yote. Ukikuta kutu, chimba mpaka uone chuma kinachong'aa. Chuma cheusi bado ni kutu.

Watu wanadhani rangi inafunika. Rangi haifuniki kitu. Inaonyesha.

Tatu, funga pua na mdomo. Si kwa mtandio. Nunua ile barakoa ya fundi yenye vikombe viwili, bosi wako ainunue. Kama hataki kununua, usianze.

Stefania unamwacha na nani ukiwa kazini?

Nestory


Kizwite
16 Juni 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama anasema wewe ndiye uliyelala kichakani, na ana kovu la fimbo ya babu kama ushahidi, kwa sababu alipigwa yeye kwa kosa lako. Mahindi ameshapukuchua. Huku baridi imekaza, asubuhi maji ya bomba yanauma kama siafu.

Isdori ametuletea wale samaki wakavu, tumekula siku tatu, ahsante sana. Amesema alikukuta umekaa juu ya jiwe katikati ya njia ya kupanda nyumbani kwako, akakuuliza unafanya nini, ukamjibu unatazama ziwa. Nikamwambia mjomba wangu tangu lini anatazama ziwa? Umekuwa mtalii?

Nimeosha. Nimefuta kwa vitambaa viwili. Nikaanza kugonga, na Marselino akaacha kuchomelea akaja kusimama nyuma yangu. "Mama Stefa, unapiga hodi kwenye gari? Kuna nani humo ndani?" Wote wakacheka. Nikaendelea, ti, ti, ti, nikafika mlango wa kushoto, kimya. Tup. Nikamwambia, "Karibu uone mwenye nyumba." Nikachukua patasi nikabandua. Mjomba, puti ilikuwa nene kama ukoko wa ugali wa msibani, na chini yake tundu la kutu ninaloweza kupitisha ngumi. Marselino hakucheka tena, alikwenda kukata bati la kiraka. Siku hizi yeye mwenyewe nimemkuta akigonga magari ya watu akijifanya anafuta vumbi.

Barakoa bosi alinung'unika lakini ameleta. Nikiivaa nafanana na nguruwe pori. Stefania aliponiona mara ya kwanza alilia, sasa anaivuta.

Amekua. Jino la tatu limetoka juu. Anapenda sana mlio wa kompresa, ikinguruma anapiga makofi.

Bosi anasema naenda polepole kama kinyonga. Nikamwambia mjomba wangu amesema. Akasema, "Huyo mjomba wako kwani analipwa na nani?" Mimi pia nina swali. Wewe ulikuwa fundi, watu walikuwa wanatoka Zambia kukutafuta. Kwa nini uliacha? Mama nikimuuliza anasema nikuulize wewe.

Mpwa wako,
Avelina


Kipili
5 Julai 2024

Avelina,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na mafua. Sasa yamekwisha. Bertilla anakusalimu.

Umefanya vizuri na ule mlango. Mwambie Marselino kiraka akichomee kwa vituo vifupi, asubiri kipoe, aende upande mwingine. Akikichoma mfululizo bati litajikunja na wewe ndiye utakayelia.

Puti weka nyembamba. Tabaka tatu nyembamba, si moja nene. Ikikauka usisugue kwa mkono mtupu, vidole vinachimba mifereji. Kata soli ya kandambili kuukuu, zungushia msasa, sugua kwa kukatiza, kama mtu anayechora msalaba mkubwa. Ukidhani umemaliza, saga mkaa laini, upake wote kwa kitambaa mpaka mlango uwe mweusi, kisha sugua tena kidogo. Patakapobaki peusi ndipo pana bonde. Mkaa hauna aibu, utakuambia ukweli. Halafu funga macho, pitisha kiganja juu ya kitambaa chepesi. Kiganja kikipita bila kujikwaa, weka praima, ile rangi ya chini ya kushikia.

Praima ikikauka, msasa wa maji namba mia nne, kisha mia sita, ndoo ya maji iwe safi. Punje moja ya mchanga itakuchorea mstari mpaka mlangoni.

Usipige rangi Julai. Najua Sumbawanga. Bati likiwa na baridi rangi inapauka kama ndevu zenye majivu. Ngoja Agosti, piga kati ya saa nne na saa nane, bati limeshapata jua. Upepo utakuwa mkali, kwa hiyo mwagia uwanja maji kwanza vumbi lilale.

Nilizeeka, ndiyo maana niliacha. Na ziwa lina samaki.

Umesema Stefania anapenda mlio wa kompresa. Ameusikia wapi? Nilikuuliza unamwacha na nani, hukunijibu.

Nestory


Kizwite
4 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Naandika haraka, Isdori anashuka kesho alfajiri na amepitia kuchukua barua, lori limesimama hapa nje injini inanguruma na yeye anapiga honi kama harusi.

Mama hajambo. Stefania hajambo, ana kikohozi kidogo tu, ni vumbi la Agosti, watoto wote wa mtaa huu wanakohoa. Hujazeeka wewe, una miaka hamsini na moja, mama amehesabu.

Mjomba nimeharibikiwa. Kila kitu nilifanya ulivyosema. Soli ya kandambili, mkaa, kiganja. Mlango wa kushoto huwezi kuujua na wa kulia. Jana nikamwagia uwanja maji, saa nne na nusu nikaanza. Milango ilitoka safi, nyuma safi, paa safi. Nilipofika boneti, rangi ikakataa. Nilipiga, ikatulia kidogo kama inafikiri, kisha ikaanza kukimbia. Vitundu vya duara vingi, kila kimoja kimezungukwa na ukingo, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye vumbi. Boneti nzima na juu ya madigadi ya kushoto. Nikafuta yote, nikasugua upya, nikaosha, nikapiga tena leo baada ya misa. Vimerudi vilevile.

Mafundi wanasema Mzee Zenon ana watu wanaomwonea wivu kwa sababu ya mtoto kuwa padre. Bosi hakusema mambo ya wivu. Alisimama akatazama, akasema, "Nilijua." Amempigia fundi wa Mbeya. Amesema anaingia Sumbawanga tarehe ishirini na nane mwezi huu, na mpaka hapo boneti ni yangu.

Sijui nimekosea wapi. Nimelia kidogo lakini ndani ya barakoa hakuna aliyeona.

Avelina


Kipili
9 Agosti 2024

Avelina mwanangu,

Marahaba. Leo naandika barua ndefu, uisome umekaa.

Hakuna aliyemloga Mzee Zenon. Vitundu hivyo sisi Mbeya tuliviita macho, na macho yana mama mmoja tu, naye ni mafuta. Rangi haishiki juu ya mafuta, inayakimbia. Basi nikajiuliza, mafuta yametoka wapi? Gari ulilifuta, nakuamini, maana milango na paa vimetoka safi. Kwa hiyo mafuta yalikuja baadaye, baada ya praima. Na hayakuja paa, paa liko juu. Hayakuja milangoni, mlango umesimama. Yamekuja kwenye boneti, na kwenye madigadi pembeni yake, mahali mtu anapoegemeza kiuno ili alichokilaza kisianguke.

Boneti ni meza, Avelina. Mwezi wa saba Sumbawanga, saa sita mchana, mahali pekee penye joto katika uwanja mzima ni bati lililopata jua. Mama mwenye akili akimaliza kumwogesha mtoto pale bombani atamlaza hapo, juu ya kanga, ampake mafuta ya mgando, amvalishe. Mafuta yanapenya kanga. Halafu mama huyo huyo anashika msasa na mikono ile ile. Ukasugua, ukayasukuma ndani. Ukapiga rangi. Ukafuta, na Jumapili ukaamka ukampaka tena mtoto kwa ajili ya misa, ukaenda kupiga tena.

Mara mbili nimekuuliza Stefania anakaa na nani. Hukunijibu wewe, boneti imenijibu.

Na sasa umeniandikia ana kikohozi, tena ukaweka neno "tu".

Mwanangu, nimekudanganya jambo moja, nami nalitoa leo kama nilivyokufundisha kutoa puti. Mtandao wa hapa Kipili si mbaya. Simu yangu inaita, naiona ikiita, jina lako linatokea. Siipokei kwa sababu siwezi kusema maneno kumi bila kukata pumzi, na nikikata pumzi nakohoa, na nikikohoa ungesikia. Kwenye karatasi hakuna anayesikia. Ile siku Isdori alinikuta juu ya jiwe, sikuwa natazama ziwa. Kutoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, mpaka mlangoni kwangu ni hatua mia mbili, napumzika mara mbili, na lile ni jiwe langu la kwanza. Mafua ya Juni hayakuwa mafua, nililazwa siku tisa. Daktari alitazama picha ya kifua akaniuliza nimefanya kazi gani. Nikamwambia. Akaandika, hakushangaa.

Miaka ishirini na mbili nilisaga puti kavu na kupiga rangi nikiwa nimefunga leso puani, na siku za joto hata leso niliivua. Ndiyo sababu niliacha. Mama yako hajui kiasi hiki na usimwambie.

Mapafu yangu yalikuwa makubwa, yalichukua miaka ishirini na mbili. Ya Stefania ni kama ngumi yako. Barakoa unayo wewe, mgongoni mwako yeye hana.

Kwa hiyo sikiliza. Boneti: toa rangi yote mpaka praima, na praima nayo itoe mpaka bati. Osha kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Vitambaa viwili na thina, na kila ukifuta geuza upande, ukimaliza pande tupa, chukua kingine. Rudia mara tatu, ndipo ushike msasa. Nawa mikono kwa majivu mpaka kwenye viwiko. Baada ya hapo usiguse kwa mkono mtupu, hata nzi akitua mfukuze kwa kupuliza. Itakubali.

Lakini usifungue hata kopo moja mtoto akiwa ndani ya ukuta wa gereji. Kama hakuna wa kumwachia, mrudishie Baltazari kazi yake na ushike ndoo. Maji hayajawahi kumuua mtu mapafu. Nimesema, na sitakufundisha neno lingine mpaka unijibu hilo.

Mjomba wako,
Nestory


Kizwite
1 Septemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena.

Barua yako niliisoma nimekaa, kama ulivyosema. Nilikaa kwenye ndoo yangu, niliigeuza.

Ni kweli. Kila siku nilikuwa naye, mgongoni wakati wa kusugua, na wakati wa kupiga rangi nilimlaza kwenye gunia nyuma ya stoo, hatua kama kumi. Boneti nilikuwa namlaza mchana, ulivyosema, kana kwamba ulikuwa umekaa juu ya ukuta unatuona. Alikuwa anapenda lile joto, anacheka, anapiga miguu. Nilikuwa naona ni raha yake moja katika siku nzima. Sikukujibu kwa sababu niliogopa ukijua utaacha kunifundisha. Na wa kumwachia sina. Yusto, baba yake, tangu aende machimboni Katavi mwezi wa kwanza sijamsikia. Mama anajua, wewe sikukuambia, niliona aibu, maana wewe ndiye uliyeniambia yule kijana anacheka sana.

Siku ileile niliyosoma nilimfungasha mtoto nikaenda naye hospitali. Wamemsikiliza mbele na nyuma. Wamesema ni mafua ya kawaida, kifua ni safi, wamempa dawa na wameniambia vumbi basi. Kikohozi kimeisha.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilipanda gari la Mpui nikamfuata mama. Nilimkuta anapeta ulezi, ule waliobakiza ndege. Nikamwambia nataka aje Kizwite akae na mtoto mpaka mvua zianze, mashamba si yamelala? Akasema na kuku je? Nikasema kuku waje. Tumekuja na kuku sita, debe la ulezi na kinu, konda akauliza kama tunahama nchi. Mvua zikianza atarudi kulima, lakini kufikia hapo nitakuwa na mshahara wa fundi, binti wa jirani amekubali kushinda naye nyumbani. Hilo ndilo jibu lako, Mjomba. Tangu tarehe kumi na nne Stefania hajavuka geti la gereji.

Kuhusu lile la kutomwambia mama. Mimi sikumwambia. Barua niliiweka chini ya godoro, naye alikuja kutandika. Anajua kusoma kuliko mimi. Nilirudi jioni nikamkuta amefua nepi zote, hata zilizokuwa safi, amezianika mpaka kwenye uzio wa jirani. Wakati wa kula ndipo aliponiuliza, "Hatua mia mbili, mara mbili anapumzika?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi nilimtania habari ya kichaka."

Sasa boneti. Nilitoa mpaka bati, mikono imechubuka. Sabuni ya unga, maji ya moto, thina, vitambaa vilikwisha nikakata gauni langu la zamani la kunyonyeshea. Praima. Mkaa. Mia nne, mia sita. Nyumbani mama ndiye anayempaka mtoto mafuta, mimi namshika baada ya kurudi na kuoga. Tarehe ishirini na saba saa nne nikamwagia uwanja, nikavaa nguruwe pori wangu, nikapiga. Nilisimama nikahesabu mpaka mia, nasubiri ikimbie. Haikukimbia, Mjomba. Ililala kama maziwa kwenye sahani.

Kesho yake fundi wa Mbeya akashuka kwenye basi na begi lake. Bosi akampeleka moja kwa moja kwenye pikapu. Yule baba aliweka begi chini. Alikunja kidole akaanza kugonga kuanzia taa ya mbele. Marselino akaninong'oneza, "Na huyu naye anapiga hodi." Akafika mlango wa kushoto, akagonga, akarudia, akaweka sikio. Akazunguka mpaka boneti akainama kuitazama kwa upande, jua likipita juu yake. Kisha akamwambia bosi, "Nipe nauli yangu nirudi. Fundi unaye." Akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema mjomba wangu kwa barua. Akadhani namtania.

Lipo jicho moja limebaki, dogo kama kichwa cha kiberiti, karibu na kioo cha mbele upande wa kushoto. Mzee Zenon alipokuja jana kuichukua nilimwonyesha mwenyewe kabla hajaliona. Nikamwambia rangi haifuniki kitu, nikitaka kulitoa hilo nahitaji siku nne zaidi. Akalitazama sana, akasema, "Liache. Padre mwenyewe ana kovu kwenye nyusi, na askofu hajamkataa." Bosi amenipa ufunguo wa stoo ya rangi. Ndoo amepewa mwingine, nami nimemwonyesha jinsi ya kukamua tambara.

Sasa nina ombi, na usinijibu kwamba mtandao ni shida.

Jumapili ijayo, tarehe nane, saa kumi jioni, nitakupigia. Pokea. Usiseme kitu, weka tu simu sikioni. Nitaongea mimi, na mama ana mambo ya kichaka ya kusema, na Stefania amejifunza kuita "ba" kila kitu mpaka kuku. Sisi watatu tunatosha kwa kuongea. Wewe ukitaka kujibu, kunja kidole, gonga simu. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Ukikohoa, kohoa, tumeshajua.

Nitakusikia. Ulinifundisha mwenyewe kusikia kilichomo ndani.

Mpwa wako, fundi,
Avelina


Kipili
6 Septemba 2024

Avelina,

Marahaba, fundi. Isdori anapanda kesho, barua hii itakufikia kabla ya hiyo Jumapili.

Kovu la fimbo la mama yako ni la haki, mimi ndiye niliyelala. Mwambie nimekiri.

Simu nimeichaji. Leo asubuhi nimejaribu kugonga, kwanza kwa kucha, kisha kwa kifundo. Kwa kifundo ndiyo inasikika vizuri. Bertilla ametoka jikoni mikono ina unga, akafungua mlango, akatazama nje kushoto na kulia. Akaniuliza nani aliyekuwa anabisha hodi.

Nikamwambia ni mimi, nafanya mazoezi.

Nestory